Nasoma Kiarabu kama maji, kukisema nimekuwa bubu

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kwa Kiswahili nikijua kwamba hata hilo ni kosa huku nilipo. Niko kwenye programu ya Kiarabu ya kiangazi, ya kulala hukohuko, wiki nane. Siku ya kwanza tulitia saini ahadi: Kiarabu tu, darasani, mezani, bwenini, hata mkipishana kwenye ngazi. Sasa ni wiki ya tatu na nimeshaanza kuulizia nauli ya kurudi.

Mimi ni mtoto wa madrasa. Kurani niliihitimisha nikiwa bado shule ya msingi, tajwidi, yaani kanuni za kuisoma Kurani, naijua, na mashindano ya kusoma nimeshiriki. Basi kwenye usaili wa kupanga madarasa nilipewa ukurasa nisome. Ulikuwa na alama zote za irabu juu na chini ya herufi, nikausoma. Mwalimu alitabasamu, akaandika kitu kwenye karatasi yake, na kesho yake nikajikuta darasa la kati pamoja na watu waliokwisha kusoma Kiarabu chuo kikuu mwaka mmoja au miwili. Hakuna aliyeniuliza kama nimeelewa nilichosoma. Sikuelewa, Shangazi. Niliambulia neno hapa na pale.

Mambo yaliharibika tulipopewa habari ya gazeti. Herufi zote ninazijua, lakini zilikuwa zimevuliwa nguo: hakuna fatha, hakuna kasra, hakuna kitu. Nikaanza kukwama kama mtoto wa chekechea. Siku nyingine tulipewa habari ya mechi ya mpira, yenye irabu safari hii, nikaona sasa ndipo nitakapojikomboa. Nikavuta madi, zile irabu ndefu za kisomo, nikapitisha ghuna puani kama nilivyofundishwa, na darasa zima likageuka kunitazama. Kijana mmoja akasema, kwa Kiarabu chake cha kuokoteza, "Mashaallah, bao takatifu." Hata mwalimu alicheka.

Kilichonimaliza kabisa ni siku niliyotaka kusema kwamba somo lilikuwa rahisi. Nikasema kwa kujiamini, "Ad-dars rakhis." Mwalimu akaniuliza, "Bikam?" Kumbe nimesema somo ni la bei ya chini, naye anauliza ni kiasi gani. Tangu siku hiyo sifungui mdomo ila nikiitwa jina. Wenzangu hawawezi hata kuitamka ain, ha nzito wanaigeuza kha, vitenzi wanavikosea, lakini wanaongea kutwa. Mimi ninayetamka sawasawa ndiye ninayenyamaza. Nina hasira nao na nina hasira na mimi.

Kuna mwenzangu mmoja anayezungumza Kiswahili, yuko darasa la chini. Jioni tunakutana chumba cha kufulia nguo, mashine zikiunguruma, tunaongea Kiswahili mpaka nguo zinakauka. Ndiyo saa pekee ninayojisikia mtu. Halafu usiku nampigia mama, naye ananiuliza, "Haya, umeshakuwa Mwarabu?" Sina la kumjibu. Kwake mimi ni yule aliyekuwa akishinda mashindano.

Na jambo la mwisho. Walimu wakiwa wao kwa wao mezani sielewi hata neno. Kitabu kinasema "madha turidina", mwalimu Mmisri anasema "ayza eh", yule wa Shamu, yaani Siria na jirani zake, anasema "shu biddik", na wote eti wananiuliza ninataka nini. Sasa hiki ninachotesekea kusoma kinazungumzwa na nani?

Nibaki au niondoke? Nikibaki, nishuke darasa? Na nitamwambia nini mama?

Wako,
Binti wa kiti cha nyuma

*

Marahaba, mwanangu.

Ya nauli yaache kwanza, tuzungumze darasa, maana hapo ndipo mambo yalipokwenda kombo. Walikupima kwa kusoma wakakuweka mahali pa kusema. Kusoma kwa sauti maandishi yenye irabu ni ujuzi unaojitegemea: jicho linaona alama, ulimi unatii, na maana inaweza kabisa isipite humo. Kuna mamilioni ya Waislamu duniani wasiozungumza Kiarabu ambao wanasoma msahafu kwa namna hiyo, wengine kwa ufundi wa kuliza watu. Mwalimu aliyezoea wanafunzi wanaomjia bila kujua alifu, akisikia herufi ya dhadi iliyonyooka, hudhani nyuma yake kuna sarufi. Alipaswa kukuuliza jana ulifanya nini. Hakukuuliza, ukapewa kiti kisicho chako, na wewe unajilaumu kwa kutokienea.

Gazeti nalo halikukuonyesha kwamba hujui kusoma. Chukua kaf, ta na ba. Bila irabu, herufi hizo tatu zinaweza kuwa kataba, aliandika. Au kutiba, kiliandikwa. Au kutub, vitabu. Aliyekulia kwenye lugha anachagua bila kufikiri kwa sababu anajua sentensi inaelekea wapi. Wewe miaka yote umeelekezwa na fatha na dhuma, hukuhitaji kuchagua. Wenzako wamekuzidi hicho kitu kimoja, kuchagua, na kuchagua ni sarufi tu. Si kipaji.

Najua ungependa nikuambie kaza moyo ubaki hapohapo. Sikuambii. Shuka darasa. Kozi za namna hii hujaribu kumaliza kwa majuma machache kazi ambayo vyuo huitandaza mwaka mzima, kwa hiyo somo la leo linakanyaga juu ya la jana, na usipokuwa na la jana hutapata hata nafasi ya kulitafuta. Ukibaki utamaliza wiki nane ukiwa hodari wa kuitikia kwa kichwa. Nenda kesho asubuhi kwa msimamizi wa masomo, kesho hiyohiyo, kwa sababu kadiri siku zinavyokwenda ndivyo watakavyosita kukuhamisha. Omba usailiwe kwa kuzungumza. Wakikupa tena ukurasa wa kusoma, ukatae kwa adabu.

Wala usiogope kwamba utakwenda kukaa na watu wanaochora alifu na ba. Hii ni wiki ya tatu. Darasa la chini limeshamaliza herufi zamani, sasa wako kwenye kitenzi cha wakati uliopita na sentensi fupi za nani alikwenda wapi. Ni palepale unapopahitaji. Tena hao watafurahi kumpata mtu wa kuwasikilizisha tofauti ya ha na kha. Ikiwa programu itakataa kabisa kukuhamisha, omba angalau uhudhurie saa yao ya sarufi, na uchukue kitabu chao cha kiwango cha kwanza ukikimbize mwenyewe jioni.

Sasa nikuambie ulicho nacho ambacho hakuna mwenzako hata mmoja aliye nacho, maana barua yako nzima umekitaja kana kwamba ni mzigo. Una maelfu ya sentensi sahihi kichwani. Hazijafunguliwa, lakini zimo. Jioni moja kaa na Alhamdu, sura ya kwanza ya Kurani, peke yake, kalamu mkononi. "Iyyaka na'budu wa iyyaka nasta'in": na- ile mwanzoni mwa vitenzi viwili ni "sisi", wakati uliopo. "Ihdina": utuongoze, -na ya mwisho ni "sisi" tena, ila sasa tunatendewa. "An'amta": umeneemesha, -ta ni "wewe" mwanamume, wakati uliopita. "Alayhim": juu yao. Sura fupi kuliko orodha ya mahitaji ya safari, na ndani yake mna wakati uliopo, uliopita, amri, na viambishi vya watu vitatu tofauti. Mswahili hahitaji kuelezwa sana kwamba kitenzi kinabeba mtu mwanzoni mwake; sisi tunasema ni-, u-, a-, tu- kila dakika. Wenzako wengi ambao lugha zao hazifanyi hivyo ndio wanaolia hapo.

Kisha nenda kwenye "Lam yalid wa lam yulad" ya sura ya Ikhlas. Hakuzaa wala hakuzaliwa. Umeisoma tangu hujui kufunga viatu. Tazama kilichomo: lam inakanusha jambo lililopita, lakini kitenzi kinachoifuata kina sura ya wakati uliopo, kimekatwa mwisho. Sisi nasi tukikanusha yaliyopita tunabadilisha sura. Hatusemi "silikwenda", tunasema "sikwenda". Na yalid kuwa yulad ni kutenda kuwa kutendwa, kwa irabu na urefu wake tu. Sasa ondoka na mfano huo uende nao mezani: lam afham, sikuelewa. Lam adhhab, sikwenda. Lam anam, sikulala, ambayo naamini utaitumia sana. Wenzako hufundishwa lam kwa jedwali na husahau. Wewe huwezi kuisahau hata ukitaka.

Fanya hivyo kila siku na aya chache unazozijua sana, na kila unapofungua kipande, tengeneza sentensi zako mwenyewe za maisha ya kawaida kwa kipande hicho. Usikwame kwenye aya. Ukikwama utarudi kwenye kusoma kwa uzuri, na huko ndiko unakokimbilia ukiogopa.

Ya tajwidi na mpira, nicheke kidogo na mimi. Haya, nimemaliza. Madi ndefu, ghuna na idghamu ni adabu za msahafu, ziache huko. Habari ya gazeti isome kavu, kwa mwendo wa kuongea, na ukifika penye kituo usiitamke irabu ya mwisho ya neno. Kusimama huko unakujua kwenye tajwidi kwa jina la wakfu. Matamshi ya herufi yabaki kama yalivyo. Yule kijana wa "bao takatifu" mwambie kwa Kiarabu akutamkie ain, halafu msubiri.

Rakhis imekutisha kuliko inavyostahili. Neno ulilolitaka ni sahl. Kiswahili kililichukua rakhis likiwa na maana ya bei ya chini, kikalitandaza mpaka likafunika na jambo lisilo gumu. Waarabu hawakufuatana nasi. Yako mengi ya aina hiyo. Ukisema unataka tafsir ya sentensi, mwalimu atakupa ufafanuzi wake, maana kugeuza lugha kwa lugha ni tarjama. Na hata neno likibaki na maana yake, wingi wake si wetu: hakuna "vitabu" huko, kuna kutub, na wingi wa namna hiyo unaunasa pamoja na neno lenyewe siku unapojifunza neno, hauutafuti baadaye. Kwa hiyo maneno tunayochangia yatumie zaidi kwa sikio. Ukisikia mtu anaongea ukadaka wakati, habari, safari na suala, umeshajua mazungumzo yanahusu nini kabla ya wenzako. Ukitaka kulitamka la Kiswahili ukitarajia ni la Kiarabu, lijaribu tu, na akikuuliza "bikam" mjibu bei. Mwalimu aliyekutania kwa Kiarabu, ukaelewa utani bila kufasiriwa, alikuwa anazungumza na mtu anayejua kitu.

Chumba cha kufulia sasa. Hapo ndipo nitakapokuwa mkali kidogo. Ahadi ya lugha haikubuniwa na programu yenu. Middlebury huko Marekani, wenye shule za lugha za kiangazi tangu 1915, huwataka wanafunzi wao watie saini ahadi kama hiyo, na sababu yake si kutesa watu. Uchovu wa kukosa neno ndio unaokulazimisha kulizunguka kwa maneno machache uliyo nayo, na huko kuzunguka ndiko kuzungumza kwenyewe. Kila jioni uchovu wako unaupeleka ukafuliwe kwa Kiswahili, asubuhi unaanza upya. Huyo mwenzako usimwache, namwona ni rafiki wa kweli. Ila fanyeni hivi: mkiwa humohumo, mashine zikiunguruma, zungumzeni Kiarabu kibovu kabisa. Hakuna atakayewasikia. Hakuna mahali pengine hapo shuleni penye ruhusa ya kukosea kiasi hicho. Mwambie siku yako ilivyokwenda kwa wakati uliopita, akikosea umrekebishe sauti, ukikosea akurekebishe kitenzi, maana yeye anatoka darasa la chini na hilo ndilo somo lake la wiki hii. Mkikwama kabisa, chezesheni mikono. Wiki ya kwanza mtaonana wapumbavu, baadaye mtaanza kusengenya watu kwa Kiarabu, na mkifika hapo nitajua mambo yameiva.

Nikuulize pia: wakati wa chakula unakaa wapi? Nina wasiwasi kwamba kile kiti cha nyuma kimekufuata mpaka mezani. Kaa karibu na mwalimu, ukiwa na swali moja ulilolitayarisha kabla. Moja tu. Umelala vipi, mji wenu uko karibu na bahari, kwa nini umechagua kufundisha. Yeye atajibu kwa sentensi kumi, wewe utaelewa tatu, na hizo tatu ni zako.

Hao walimu wanaoongea Kiarabu usichokijua hawakufichi kitu. Kiarabu kina lugha ya kuandikia, hotuba na taarifa ya habari, ndiyo fusha, na kina lugha za nyumbani na sokoni zinazotofautiana kutoka nchi hadi nchi. Mwanaisimu Charles Ferguson aliieleza hali hii mwaka 1959, na Kiarabu kilikuwa mmoja wa mifano yake minne. Hakuna mtoto wa Kiarabu anayeimbiwa bembelezo kwa fusha ya kitabu chako, lakini Mmoroko na Mwiraki wakishindwa kuelewana wataisogelea hiyohiyo. Kwa wiki hizi zilizobaki shikilia fusha. Usiigeuze akili yako uwanja wa Misri na Shamu kwa wakati mmoja. Chagua mwalimu mmoja unayempenda, mwibie misemo michache ya kwao, ya salamu na ya kuomba, basi. Lahaja utaichagua baadaye, utakapojua unakwenda kuishi au kufanya kazi na Waarabu gani.

Na punguza matarajio, tafadhali. Serikali ya Marekani, inapowafundisha wanadiplomasia wake, hukihesabia Kiarabu takriban saa 2,200 za darasani, na kukiweka kwenye kundi la lugha ngumu kuliko zote kwa mtu wa Kiingereza. Wewe una faida ambazo hao hawana, lakini hesabu mwenyewe: hata mkisoma saa tano kila siku ya kazi, wiki nane zinakupa saa 200. Hakuna aliyetoka na lugha nzima ndani ya saa hizo, hata wale wanaopiga kelele darasani kwenu. Ukimaliza ukiwa unaweza kueleza siku yako, kuuliza, kuelewa jibu likisemwa polepole, na kusoma habari fupi isiyo na irabu bila kutetemeka, programu imekulipa.

Mama mpigie. Kwa kawaida ahadi hizi huacha nafasi ya kuzungumza na familia faraghani, kwa hiyo muulize msimamizi kanuni yenu ikoje, ili uache kunong'ona chini ya shuka kama mwizi. Mpigie mapema jioni, kwa muda mfupi, halafu urudi kwenye Kiarabu kabla ya kulala. Na usimfiche. Mwambie kwamba walikupandisha kwa sababu ya usomaji wako, ambao yeye ndiye aliyekuamsha alfajiri ili uupate, na kwamba sasa umeomba darasa la kuzungumza. Akikuuliza tena kama umeshakuwa Mwarabu, mjibu kwa sentensi moja ya Kiarabu na umwambie maana yake. Anza na lam anam.

Shangazi